Kopo la Maji Juu ya Gurudumu

Nilipaswa kusema hapana. Kwa Kinyakyusa neno hilo ni fupi zaidi, mma, na mtu anaweza kulitamka bila hata kufungua mdomo vizuri. Badala yake nilipanda kwenye stuli, nikafungua waya, nikalishusha kopo la maji lililokuwa likining'inia juu ya gurudumu la kusagia mawe, nikalisukuma chini ya meza. Nje mvua ilikuwa inanyesha kama inavyonyesha Tukuyu, bila haraka na bila nia ya kuacha. Mdogo wangu Gwamaka, aliyekuwa amekaa mbele ya gurudumu, alijifuta mikono kwenye suruali akasema, "Ndaga fijo, asante sana, kaka. Sasa vidole vyangu vitarudi kuwa vyangu."

Tulicheka. Nakikumbuka sana kile kicheko kwa sababu kilikuwa cha watu waliopata nafuu.

Vijana wangu, mnaokuja hapa Makandana na mawe yenu kwenye vichupa vya dawa, mkanikuta nimekaa mlangoni, huwa mnaniuliza mambo mawili: jiwe hili ni nini, na nitapata kiasi gani. La tatu hamjawahi kuliuliza. Nimejaribu kulieleza kwa mdomo lakini napumzika kila baada ya sentensi, na nyinyi mna haraka, mnaangalia simu. Kwa hiyo nimeliandika. Kalamu haikohoi.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikitegemea kukaa ofisini. Ofisi haikunihitaji. Nikawa nazurura sokoni hadi nikasimama mbele ya kibanda cha Fundi Shabani, nyuma ya soko la Tukuyu. Babu yake alitoka pwani akiuza vitambaa, akaoa huku, akasahau kurudi. Shabani mwenyewe alizaliwa hapa na Kinyakyusa alikijua, ila Kiswahili chake kilikuwa bado na chumvi ya huko walikotoka. Alikuwa sonara, na pia alikata na kung'arisha mawe kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Juu ya gurudumu la mashine alining'iniza kopo lililotobolewa kwa msumari chini, na kwenye tundu akapitisha uzi wa pamba ili maji yadondoke tone moja moja. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulijaza kopo hilo. Likikauka, ananipiga kibao cha kisogo. Nikimuuliza maji ni ya nini ananiambia, "Jiwe lapata moto, litapasuka. Jaza."

Hilo ndilo jibu alilonipa, na nililiamini. Likumbukeni, nitalirudia.

Kabla ya hapo niwachekeshe kidogo, maana si yote yalikuwa mabaya.

Siku za mwanzo nilishuka hadi mto Kiwira, mvulana mmoja wa kuchunga akanionyesha jiwe la kijani, laini kama yai, linapitisha mwanga. Nikampa shati langu. Nilirudi mjini na fulana, natetemeka kwa baridi, nimeshika utajiri. Nikaliweka mezani kwa Shabani. Akalitazama, hakuligusa.

"Zumaridi," nikasema.

"Maashallah. Ilikuwa soda gani?"

"Nini?"

"Nakuuliza, mwanangu Ambokile, ilikuwa soda ya chungwa au ya limau? Maana chupa naiona, ladha ndiyo siioni."

Mto ulikuwa umekisugua kitako cha chupa miaka na miaka hadi kikawa kito. Kwa muda mrefu wauza nyanya pale sokoni waliniita Zumaridi. Lakini siku ile ile alinifundisha, na sasa nawafundisha nyinyi. Lisogezeni jiwe kwenye mdomo wa juu. Fuwele ya kweli ni baridi na inabaki baridi. Chupa inapata joto upesi. Tazameni ndani kwa lenzi. Mkiona viputo vya duara kama vya soda, basi ni soda. Na fuwele inakwaruza kioo, ila msiende kujaribu kwenye kioo cha simu ya mwenzenu kama alivyofanya mmoja wenu hapa mlangoni kwangu.

Tena jueni ardhi yenu. Mawe meusi ya mlima Rungwe yametoka kwenye moto. Mkiyapasua mtaona punje za kijani zinazong'aa, na kila kizazi kuna mtu anayezikusanya kwenye kikombe akidhani amefika. Zilizo nyingi ni ndogo mno, hazikatiki. Yale tuliyofanyia kazi sisi yaliletwa kutoka milima ya mashariki, ile mnayoiona asubuhi ukungu ukiinuka: ganeti nyekundu kama rozela, na zaidi ya yote kwazi, fuwele nyeupe inayofanana na barafu. Kwazi haina bei kubwa. Ila ipo, na wageni wanaipenda ikichongwa moyo au tone la machozi.

Sasa niwaambie kuhusu kwapa.

Wauzaji wa mawe wa zamani walijua kitu ambacho mpiga picha wenu wa leo anakijua pia: jiwe ghafi likilowa linakuwa zuri. Nyufa zinajificha, ukungu wa juu unatoweka, rangi inaiva. Kwa hiyo walileta mawe kwenye bakuli la maji, au kwenye jani la mgomba lenye umande. Kulikuwa na mzee mmoja gulioni Mpuguso aliyeyaweka mdomoni. Unamsalimia, anaitikia kwa pua. Ukiuliza una nini, anakutemea ganeti kwenye kiganja, inang'aa kama kaa la moto. Ukilipa, hutamwona tena hadi mvua nyingine.

Kwingineko ungeliacha jiwe juani kidogo, ukweli ukajulikana. Tukuyu jua ni mgeni. Hata shuka hapa linakauka kwa maombi. Shabani alikuwa na njia yake. Alilifuta jiwe kwa kitambaa, akafungua kifungo cha shati, akalitia kwapani, akaanza maongezi. Atauliza habari za ndizi, za chai, za ng'ombe wa muuzaji, za mama mkwe wa muuzaji. Muuzaji anajibu huku anatazama kwapa. Jiwe likishapata joto na kukauka, Shabani analitoa polepole na kuliweka mezani, na mara nyingi lilikuwa limegeuka kipande cha chumvi ya ng'ombe.

"Jiwe kavu ndilo jiwe," angesema. "La maji ni sura."

Nilikaa naye hadi kwapa langu pia likawa mizani. Mke wangu marehemu alikuwa akiniambia, "Wanaume wengine wananuka sigara, wewe unanuka mlima." Neno lile, jiwe kavu ndilo jiwe, lilinikaa kichwani kama aya. Ni neno zuri kwa mtu anayenunua. Mimi nililichukua nikalipeleka mahali ambapo si pake.

Shabani alipozeeka macho, aliniachia lile kopo na baraka zake, akakaa nyumbani. Mimi nikafungua karakana yangu hapa Makandana, chumba cha mbele cha nyumba hii, pale mnapoona sasa magunia ya mkaa. Nikanunua mota ya umeme. Nikamwita mdogo wangu Gwamaka kutoka Ikuti, alikokuwa amebaki na migomba ya baba na kipande cha chai. Hakutaka kuja. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne kwenye kwaya ya kanisa, sauti nzito, na kule Ikuti walisema akianza kuimba mbwa wananyamaza wakidhani ngurumo. Alikuwa na mke, Tupokigwe, na watoto. Nilimshawishi. Nikamwambia sauti haijengi nyumba ya bati.

"Na vumbi linajenga?" aliniuliza.

Alikuwa anatania. Mimi pia nilimjibu kwa utani, nimesahau nilisema nini, akaja na mke na watoto.

Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Mimi nikawa mtu wa kwenda milimani na gulioni kununua, yeye akawa mtu wa gurudumu. Tulifanya kazi hivyo kwa amani, kopo juu, maji yanadondoka, tope jeupe linatiririka kwenye beseni. Tatizo letu lilikuwa baridi. Nyinyi mnaijua Tukuyu ya mwezi wa sita na wa saba. Sasa fikirini kushika jiwe dogo kutwa nzima chini ya maji yale. Gwamaka alikuwa akitoka kazini vidole vyeupe, anavitia kwenye uji wa watoto wake ili vipate moto, na Tupokigwe anampigia kelele.

Ndipo akaja Bosi Tai. Ni sisi tuliompa jina hilo kwa sababu alivaa tai hata siku za matope. Alikuwa mfanyabiashara kutoka mjini, si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alitaka mioyo ya kwazi kwa ajili ya maduka ya wageni, mingi, kabla ya mwezi kwisha. Alisimama mlangoni akitutazama tunavyofanya kazi. Gwamaka anasaga, anasimama, anafuta jiwe, analitazama kama mstari wa mkato umenyooka, anarudisha, anasaga, anafuta tena.

"Mbona mnafuta kila saa?" akauliza.

"Likiwa na maji halionyeshi," Gwamaka akajibu. "Linadanganya."

"Sasa si myaondoe hayo maji?"

Gwamaka alinitazama mimi. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyepigwa vibao vya kisogo kwa ajili ya lile kopo. Na nikajiona nina akili. Nikasema, maji ni ya kuzuia jiwe lisipasuke. Kwazi tukiisaga taratibu, kwa gurudumu jipya, haipati moto wa kuipasua. Nilikuwa nimeshajaribu. Na bwana wangu mwenyewe alisema, jiwe kavu ndilo jiwe. Tukisaga likiwa kavu tutaona mstari pale pale, kazi itakwenda mara mbili, na vidole vya mdogo wangu vitapona.

Bosi Tai akasema, "Fundi wewe umesoma."

Nikapanda kwenye stuli.

Kila hoja niliyotoa siku ile ilikuwa sahihi. Mawe hayakupasuka. Kazi ilikwenda haraka. Mioyo ilitoka safi, imenyooka, Bosi Tai alileta oda nyingine na nyingine. Kwa sababu hatukuwa tena na maji ya kurukaruka, tuliitoa mashine karibu na mlango, tukaisogeza ndani, tukafunga dirisha kuzuia baridi. Chumba kikawa na joto zuri. Watu walikuwa wanapita kuomba kukaa. Mwanga wa balbu ulionekana una ukungu, na sisi wa Tukuyu ukungu hatuushangai.

Fundi Shabani alikuja kunitembelea msimu uliofuata, anaongozwa na mjukuu wake. Alisimama mlangoni, macho yake hayaoni vizuri, akasikiliza mlio wa mota. Kisha akamtazama Gwamaka kwa karibu.

"Huyu mdogo wako ameota mvi lini?"

"Ni vumbi, mzee," Gwamaka akasema, akijipangusa nyusi. "Nimekuwa muuza unga."

"Kopo li wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa fahari, nikamrudishia maneno yake mwenyewe.  Mzee akamwambia mjukuu wake atoke nje akamsubiri. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba yangu alikufa kwa kifua. Watu walisema kifua kikuu, wakaacha kula kwetu. Alikuwa akisaga kavu. Aliyemfundisha mama yangu habari ya kopo alikuwa fundi mwingine aliyepita, naye mama akanifundisha mimi. Mimi niliona aibu kukueleza habari za kifua cha baba, nikakwambia jiwe lapasuka."

"Kwa hiyo maji si ya jiwe?"

"Maji yale ni ya mtu, Ambokile. Jiwe halina shida na wewe."

Natamani niwaambie kwamba nilipanda tena kwenye stuli saa ile ile. Nilimsindikiza mzee hadi barabarani kwa heshima zote, nikarudi. Gwamaka akaniuliza, "Tulirudishe?" Nikamwambia, "Tukimaliza oda hii." Nilimpa kitambaa ajifunge puani. Oda haikumalizika, vijana, oda haimalizikagi. Na kitambaa kinazuia vumbi unaloliona. Linaloua halionekani. Hilo nililijua baadaye sana.

Nitawaambia jinsi mtu anavyogundua. Si kwa damu wala homa. Ni kwa mlima. Gwamaka alikuwa akitoka Makandana kwenda sokoni bila kusimama, huku anaimba. Kisha akawa anapanda bila kuimba. Kisha akawa anasimama pale kwenye duka la kona, anajifanya anauliza bei ya sabuni. Mwenye duka akaja kuniambia, "Mdogo wako anapenda sana sabuni lakini hanunui." Kwenye kwaya alihama kutoka sauti ya nne, akasema anataka kujaribu kupiga manyanga. Mwalimu wa kwaya alidhani amekasirika.

Nilimpeleka hospitali. Niliingia naye chumba cha daktari, nikakaa kwenye kiti cha pembeni. Daktari alikuwa mwungwana, foleni ilikuwa ndefu. Akamuuliza, "Baba, unafanya kazi gani?"

Gwamaka akajibu, "Mkulima."

Ndivyo tunavyojibu wote Rungwe. Mwalimu ni mkulima, mchungaji ni mkulima, fundi ni mkulima. Ukiwa na migomba mitatu nyuma ya nyumba, wewe ni mkulima, na kusema vinginevyo ni kujidai. Hakuwa amesema uongo. Migomba ya baba ilikuwa yake. Lakini mimi nilikuwa nimekaa pale. Nilikuwa nimeshamsikia Shabani. Nilifungua mdomo, nikawaza watakuja kukagua karakana, watafunga, Bosi Tai ataondoka. Nikafunga mdomo. Mkulima mwenye kikohozi kirefu anatibiwa kifua kikuu, na daktari yeyote angefanya hivyo. Alimeza dawa zote kwa uaminifu, Tupokigwe akizisimamia kama askari. Alipomaliza alikuwa hawezi kufunga kamba za viatu bila kupumzika katikati.

Safari ya pili tulimkuta daktari mwingine, msichana aliyepangiwa kazi huku kutoka Kagera, bado anashangaa baridi, amevaa sweta mbili.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Mkulima."

"Unalima nini?"

"Ndizi, mama. Chai. Maharage kidogo."

Akamshika mkono, akaugeuza. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimesuguliwa hadi hazina mistari, na kucha zimelika upande mmoja. "Huu mgomba unaoulima kwa kucha ni wa aina gani?"

Gwamaka alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Daktari akasubiri kiishe, kisha akanigeukia. "Wewe ni nani wake?"

"Kaka yake."

"Anafanya kazi gani?"

"Anasaga mawe," nikasema. "Kwenye mashine yangu."

Walimpiga picha ya kifua. Daktari alituonyesha kwenye mwanga. Mimi nimetazama ndani ya mawe maisha yangu yote, nyufa na mawingu na madoa, najua kusoma kitu kikiwa kimewekwa mbele ya mwanga. Niliiona kabla hajaeleza. Mapafu ya mdogo wangu yalikuwa na punje nyeupe kila mahali, kama kwazi ghafi. Akasema vumbi la jiwe likishaingia halitoki, na makovu yake yanaendelea hata ukiacha kazi. Hakuna dawa ya kuyaondoa. Alimwambia asirudi kwenye vumbi tena. Alisema kwa upole. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

Niliuza mota wiki ile. Kopo sikuliuza.

Sasa, kabla sijamaliza, kazi. Maana najua mtaendelea, na sina haki ya kuwakataza. Sagia nje au mlangoni, upepo ukupite. Maji yadondoke juu ya gurudumu pale pale jiwe linapogusa, si pembeni. Siku hizi kuna pampu ndogo zinazotumia betri, nunueni, lakini kama hamna, kopo na msumari na uzi wa pamba vinatosha. Kama vidole vinauma kwa baridi, pasha maji kwenye sufuria. Naam. Ni hivyo tu. Maji ya vuguvugu. Tungeweza kuwasha jiko la mkaa, tukayapasha moto, tukamaliza tatizo la vidole. Wazo hilo lilinijia nikiwa nimekaa hapa mlangoni, miaka baada ya kila kitu, nikimwona jirani anapasha maji ya kuoga. Niliingia ndani nikajilaza.

Tope linalobaki msiliache likauke sakafuni, maana likikauka na kufagiliwa linarudi kuwa vumbi. Lifagieni likiwa bichi. Mkitaka kuona mstari, simamisheni gurudumu, futeni jiwe, tazameni, mwagieni tena. Ndiyo, mtachelewa. Mteja akiwaharakisha mwambieni aje kwangu nimsimulie.

Na mkienda hospitali mkaulizwa kazi, msiseme wakulima. Semeni, nasaga mawe. Wenye karakana, mkiwa mmekaa kwenye kile kiti cha pembeni, semeni nyinyi kama mwenzenu hakusema.

Gwamaka alirudi Ikuti. Nilikuwa nakwenda kila nilipoweza. Alikuwa hawezi kulala chini, alikuwa analala amekaa, ameegemea magunia, na mchana wanamtoa barazani na kiti chake akiwa ameinama mbele, viwiko magotini, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Tupokigwe alinipa chakula kila nilipofika. Hakuwahi kunisemea neno baya. Aliweka sahani, akasema, "Karibu, shemeji," akaondoka.

Mara ya mwisho nilimkuta Gwamaka barazani, mvua inanyesha juu ya migomba ya baba. Mvua yenyewe ile ya Ikuti inayotiririka kwenye majani hadi husikii mtu akiongea. Nilikaa karibu naye. Alikuwa anaitazama michirizi ya maji inavyotoka kwenye bati, inajaza pipa, pipa linafurika, maji yanakwenda zake shambani. Alitaka kusema kitu, nikamsogezea sikio. Ilimchukua muda. Alisema neno moja, akapumua, akasema lingine.

"Kaka. Mvua yote hii."

Nikamwambia, "Ndiyo."

"Tukakosa. Ya kopo."

Akatabasamu. Alikuwa mtu wa utani tangu utoto, na ule ulikuwa utani, nawaapia. Alinigonga goti kidogo kwa mkono wake ili nicheke. Sikuweza. Nadhani ni kitu pekee alichoniomba katika ugonjwa ule wote, na sikuweza kumpa.

Kwaya ilikuja kumzika, wakaimba bila sauti ya nne ya maana. Bosi Tai alikuja pia, na tai yake, akasimama nyuma kwenye matope, akalia kwa kweli. Fundi Shabani alikuwa amekwisha tangulia.

Mimi nilisaga kavu kidogo tu, nikiwa nashika zamu siku ambazo sikusafiri. Kidogo hicho ndicho kinachonikalisha mlangoni. Kile alichokisaga Gwamaka kilikuwa kingi. Mnaponiuliza jiwe la thamani kuliko yote niliyowahi kuyashika, mnategemea nitawatajia ganeti fulani. Sina la kuwatajia. Kopo lile bado lipo, limeota kutu, liko kwenye msumari juu ya mlango huu huu mnaopita mkiingia, na tundu lake halijaziba.

Nilikubali kulishusha ili kazi iende haraka. Hilo lilinigharimu mdogo wangu.